JERAHA au KIDONDA, MAJERUHI au MAHUTUTI? Kuchagua jibu la chemshabongo kidokezo kinapohusu kuumia

Kwenye mlalo umeshapata M-A-J-E-R, kisha kisanduku kitupu, kisha H, kisha kitupu kingine. Kidokezo kinasema: "Hupatikana baada ya ajali (8)". Unaweza kuandika MAJERAHA. Unaweza kuandika MAJERUHI. Yote yana herufi nane, yote yanaingia kimaana, na yanapishana irabu mbili tu. Mtunzi angeandika "___ ya ajali ya basi", ungejua ni MAJERAHA bila hata kutazama wima. Angeandika "___ wa ajali ya basi", ingekuwa MAJERUHI, maana hao ni watu. Yeye kachagua *hu-*, na *hu-* haijali nani kafanya nini: jeraha hupatikana, majeruhi hupatikana, kidonda nacho hupatikana. Mtunzi mjanja huitumia makusudi. Mtunzi mvivu huitumia bila kujua amefungua milango mingapi.

Maneno ya kuumia katika Kiswahili ni mengi, mengi yana urefu unaokaribiana, na maana zake zimelaliana. Ngeli zake hazikulaliana kiasi hicho. Kwa hiyo ushauri wangu, kwa anayejaza na kwa anayetunga, ni kusoma sarufi ya kidokezo kwanza na maana baadaye. Hapa chini nimeweka sambamba maneno yanayogombana zaidi. Mengine nimeyapitia haraka kwa sababu hayana ugomvi wa maana.

Kwanza kidogo kuhusu irabu, kwa kuwa ndizo zinazotuponza. Arthur Wynne, mzaliwa wa Liverpool, alichapisha fumbo lake la kwanza la aina hii katika gazeti la New York World tarehe 21 Desemba 1913, likiwa na umbo la almasi. Lugha aliyokuwa anaifanyia kazi, Kiingereza, huishia maneno yake kwa herufi za kila namna, hivyo herufi ya mwisho ikipatikana imekupa habari kubwa. Kwetu karibu kila neno linaishia a, e, i, o au u. Ukijua kwamba neno la herufi nne linahusu kuumia na linaishia U, bado una JIPU, KOVU, DAMU, KISU na TIBU mkononi. Makutano kwenye kisanduku cha mwisho hayakusaidii sana. Konsonanti ndiyo inayoamua kesi, na C ni bora kuliko zote: kwa kuwa hatuna C isiyofuatwa na H, ukiipata moja umepata visanduku viwili kwa bei ya kimoja. Hapa nahesabu CH, SH, DH na NG kuwa herufi mbili mbili, kama chemshabongo nyingi zinavyofanya, na ile alama ya ng' haipewi kisanduku.

JERAHA, KIDONDA na DONDA

Kwa urefu hazigombani: DONDA ni herufi tano, JERAHA sita, KIDONDA saba. Tatizo linaanza kwenye wingi. MADONDA yana herufi saba, VIDONDA saba, na KIDONDA chenyewe saba. Herufi tano za mwisho ni zilezile, D-O-N-D-A, kwa hiyo wima zote zinazopita hapo hazitakuambia lolote. Ukiwa na kisanduku cha pili chenye I umeondoa MADONDA tu. Kisanduku cha kwanza peke yake ndicho kinachotenganisha matatu hayo, K, V au M, na mtunzi asiyekikatiza kisanduku hicho kwa neno la wima inabidi aifanye kazi hiyo kwenye kidokezo.

Inafanyika kwa urahisi sana. "___ vya tumbo" ni VIDONDA. "___ ya tumbo", na wapo wengi wanaosema hivyo, ni MADONDA. "Kimetunga usaha" ni KIDONDA. "Limetunga usaha" likiwa na herufi tano ni DONDA, likiwa na nne ni JIPU. Silabi moja ya upatanisho imefanya kazi ambayo sentensi nzima ya maelezo isingeifanya.

Kimaana, jeraha lina tukio nyuma yake. Panga, risasi, chupa iliyovunjika, pikipiki iliyoteleza: unaweza kuuliza lilipatikana saa ngapi na ukajibiwa. Jeraha hushonwa nyuzi. Kidonda hakidai tukio. Kinaweza kuanza na jeraha lililopuuzwa, kinaweza kutoka ndani chenyewe. Ndiyo maana mgonjwa wa kisukari ana kidonda mguuni hata kama hakumbuki alijikwaa wapi, na ndiyo maana tumboni ni vidonda, si majeraha. Hakuna aliyemchoma mtu kisu. Chanzo kikubwa ni bakteria anayeitwa Helicobacter pylori, na Barry Marshall na Robin Warren wa Australia walipewa Tuzo ya Nobel ya tiba mwaka 2005 kwa kazi hiyo. Kidonda huoshwa, hufungwa, hukauka, hutoneshwa. Ukiona kidokezo chenye "tonesha" au "kimekauka", hata kabla ya kuhesabu visanduku, mkono uelekee K.

Moto unaleta mkanganyiko halali. Hospitalini utasikia "majeraha ya moto", mtaani utasikia "vidonda vya moto", na hakuna mwenye makosa. Mtunzi anayetaka jibu moja asiuguse moto bila kuandika *ya* au *vya*.

Donda ni kubwa kuliko kidonda, na limezoea kukaa. Linapata umaarufu wake kwenye "donda ndugu", lile lisilopona, ambalo wanasiasa na wahariri wamelihamishia kwenye rushwa. "Rushwa imeitwa hivi mara nyingi (10)" ni kidokezo kizuri, ila mtunzi aamue mapema kama anaandika DONDANDUGU kwa neno moja au mawili, kisha aweke (10) au (5,5). Visanduku ni vilevile, lakini anayejaza hutafuta tofauti akiona namba mbili.

Halafu mapenzi. "___ la moyo" inakubali KOVU, DONDA na JERAHA, yote matatu yako ngeli moja, yote yanaimbwa. Hapo ngeli imeshindwa na urefu ndio unaookoa: nne, tano, sita. "___ cha moyo" haina mjadala.

Watu: MAJERUHI na MAHUTUTI

Hili ni pambano nilipendalo kuliko yote. Yaweke juu na chini:

M-A-J-E-R-U-H-I
M-A-H-U-T-U-T-I

Herufi nane kwa nane, na nne kati yake, ya kwanza, ya pili, ya sita na ya nane, ni zilezile. Mtunzi akikatiza visanduku hivyo vinne tu, anayejaza atabaki na M-A-_-_-_-U-_-I na kidokezo kama "Aliyelazwa baada ya ajali". Majibu yote mawili yamelazwa baada ya ajali.

Tofauti yake ni hii. Majeruhi ameumizwa na kitu kutoka nje, na anaweza kuwa anatembea, anaongea na mwandishi wa habari, amefungwa mkono tu. Mahututi yu taabani, na huenda hana hata mkwaruzo mwilini: malaria, shinikizo la damu, figo. Majeruhi anaweza kuwa mahututi, lakini mahututi si lazima awe majeruhi. Kidokezo salama kwa la pili ni "Chumba cha wagonjwa ___", maana hicho ndicho kibao kilichobandikwa mlangoni. Kwa la kwanza, kurasa za michezo zinatosha: "Mchezaji asiyepangwa kwa kuwa ameumia". Huko neno hilo limekuwa hali kabisa, watu husema beki fulani "yuko majeruhi" kama wanavyosema yuko likizo.

Majeruhi haibadiliki kwa wingi: majeruhi mmoja, majeruhi ishirini. Kwa hiyo "aliyeumia" na "walioumia" vyote vinaelekeza huko, na anayejaza asihangaike kutafuta wingi wenye herufi zaidi. Kama visanduku ni tisa, jaribu MJERUHIWA. Vikiwa saba na kidokezo kinamlaumu mtu, ni MJERUHI, yule aliyeumiza wenzake, ingawa neno hilo mtaani utalisikia kwa nadra.

KILEMA na KIWETE zina herufi sita sita, zinaanza KI, na herufi ya nne kwa zote ni E. Ningeziacha zote mbili kwa sababu nyingine: wanaoitwa hivyo hawazipendi, na magazeti makini yameshaziacha. ULEMAVU una herufi saba na unakatizana vizuri.

Vitenzi, ambako ngeli haipo

Kwenye vitenzi msaada wa *cha* na *la* unapotea, na hapo ndipo watu huchafua karatasi. Angalia U-M-_-A. Kisanduku cha tatu kikiwa kitupu una UMIA, UMWA, UMBA na UMKA. Mbili za mwisho zinajitenga haraka, moja ni kazi ya Mungu na nyingine ya unga wa maandazi. UMIA na UMWA zinabaki zikitazamana.

Umia ni kupata dhara, mara moja, kwa ajali au kwa kipigo. Umwa ni kusikia maumivu au kuwa mgonjwa, na pia ni kung'atwa, kama mtu anapoumwa na nyoka. Hapa mahali ulipo unabadilisha jibu. Tanzania mtu "anaumwa" malaria, na neno hilo peke yake linatosha kumaanisha hayuko vizuri. Kenya utasikia zaidi "anaugua" au "ni mgonjwa", na kuumwa kunabaki karibu na maumivu yenyewe, ya kichwa au ya jino. Kidokezo "Kuwa mgonjwa (4)" kikichapishwa Dar es Salaam kitajibiwa UMWA na wengi. Kikichapishwa Nairobi kitajibiwa UGUA. Zote zina herufi nne, zote zinaanza U na kuishia A. Anayetunga kwa ajili ya wasomaji wa nchi zote mbili aongeze kitu: nyoka kwa UMWA, kulala kitandani siku nyingi kwa UGUA, ngazi iliyoteleza kwa UMIA.

Jozi inayofuata ni ya kuchekesha kwa kuwa maana zake zinapingana: UGUZA na UMIZA. Weka U-_-_-Z-A. Moja inamhudumia mgonjwa, nyingine inamtia maumivu. Tena kuna tofauti ya kuvuka mpaka. Tanzania anayeuguza ni ndugu aliyekaa kando ya kitanda: "namuuguza mama". Magazeti ya Kenya humpa kazi hiyo aliyeumia mwenyewe: mtu aliyepigwa risasi "anauguza majeraha hospitalini". Kidokezo kama "Fanya hivi kwa majeraha (5)" kitamwacha Mtanzania akiandika UMIZA kwa mashaka na Mkenya akiandika UGUZA bila kufikiri. Chaguo langu kwa mtunzi ni kumtaja mgonjwa badala ya jeraha: "Hudumia mgonjwa" haina nchi.

UMIZA, DHURU na JERUHI watu huzibadilisha kana kwamba ni kitu kimoja. Jeruhi inadai jeraha, pasipo mwili uliochanika neno halikai sawa. Umiza inakubali mwili na moyo. Dhuru ni pana kuliko zote, inaingia kwenye afya, mazao, biashara, jina la mtu, na mahakamani Tanzania ndiyo utakayoikuta katika "shambulio la kudhuru mwili". Bahati nzuri herufi zake hazifanani kabisa, kwa hiyo makutano mawili yanamaliza kazi.

CHUBUKA na CHUNIKA zinafanana mno: C-H-U mwanzo, K-A mwisho, katikati B-U au N-I. Kiatu kipya kinachubua. Mbuzi machinjioni anachunwa, na ngozi ikitoka kwa namna hiyo imechunika. Kidokezo kikitaja kiatu, lami au goti, B-U. Kikitaja ngozi kuondoka kama inavuliwa, N-I.

Jambo la mwisho kwenye vitenzi: *ku-*. "Pata dhara" ni UMIA, herufi nne. "Kupata dhara" ni KUUMIA, herufi sita. Mtunzi mzuri anaweka *ku-* kwenye kidokezo ikiwa ipo kwenye jibu, na anafanya hivyo ukurasa mzima bila kubadilibadilisha. Anayejaza ana haki ya kulidai hilo.

MCHUBUKO na MKWARUZO

Hapa ngeli haisaidii hata kidogo. Yote mawili ni *m-/mi-*, yote yanachukua *wa* na *ya*, yote yana herufi nane, yote yanaanza M na kuishia O, na yote yana U kwenye kisanduku cha sita:

M-C-H-U-B-U-K-O
M-K-W-A-R-U-Z-O

Mchubuko ni eneo: ngozi ya juu imesuguliwa ikatoka, kama goti la mtoto aliyeanguka na baiskeli. Mkwaruzo ni mstari: ukucha wa paka, mwiba, ncha ya waya. Gari linapata mkwaruzo kwenye rangi. Sijasikia mtu akisema gari limepata mchubuko. Kwa hiyo "Paka amekuachia huu mkononi" ni MKWARUZO, "Lami imekuachia huu gotini" ni MCHUBUKO, na "Jeraha dogo la ngozi (8)" ni kumchezea shere anayejaza. Ukitunga, katiza kisanduku cha pili. C au K ikipatikana hapo, mchezo umekwisha.

Zilizobaki zinatosha kwenye jedwali.

| Herufi | Jibu hili | Au hili | Kinachoamua |
|---|---|---|---|
| 4 | JIPU | KOVU | La kwanza lina usaha na hutumbuliwa. La pili hubaki baada ya kupona |
| 7 | MAUMIVU | UCHUNGU | *ya* au *wa*. Wa kuzaa ni UCHUNGU siku zote |
| 7 na 6 | VUNJIKA | TEGUKA | Mfupa au kiungo |
| 10 | LENGELENGE | DONDANDUGU | La moto au la kiatu lina maji ndani. Hilo jingine limegoma kupona |
| 6 | KIGAGA | JERAHA | *ki-* au *li-*. Cha kwanza ni ngozi ngumu juu ya kidonda kinachopona |

Kwenye JIPU kuna kidokezo kinachotembea chenyewe Tanzania tangu mwisho wa 2015, pale John Magufuli alipoingia madarakani na "kutumbua majipu" ikawa ndiyo kauli ya kuwafukuza kazi watumishi. "Magufuli aliyatumbua (6)" ni MAJIPU, na ile *-ya-* ya katikati inakuhakikishia ni wingi.

Kidokezo cha kisawe, cha methali au cha fumbo

Kama wewe ndiye mtunzi, chaguo la pili ni namna ya kuuliza. Kuna njia tatu, na kwa maneno haya ya kuumia hazina uzito sawa.

Kisawe ndiyo rahisi na ndiyo mbaya. "Kidonda (6)" kwa JERAHA, kisha wiki inayofuata "Jeraha (7)" kwa KIDONDA. Maneno mawili yanazungukana na anayejaza hajifunzi lolote, tena amefundishwa kwamba ni kitu kimoja. Kisawe kitumike pale tu ambapo hakuna jirani mwenye urefu uleule.

Methali ni imara zaidi, hasa kwa shule na kwa wazee, kwa sababu imefungwa na haiwezi kuchukua neno jingine. "Kipya kinyemi ingawa ___ (7)" inataka KIDONDA. "Mwenye ___ usidhani kapoa (4)" ni KOVU. "___ wa mwana aujuaye mzazi (7)" ni UCHUNGU; MAUMIVU ina idadi ileile ya herufi lakini *wa* na *au-* zimeshaikataa. "Asiyesikia la mkuu huvunjika ___ (3)" ni GUU, na inafaa kwa sababu mtu asiyeijua vizuri atataka kuandika MGUU, akose nafasi, ajiulize. Udhaifu wa njia hii ni kwamba methali za kuumia si nyingi kiasi cha kukutosha mwaka mzima, na anayejaza kila wiki atazimaliza.

Fumbo ndilo ninalolipigia debe. Waingereza waliukuza mtindo wa kidokezo chenye nusu mbili, moja ya maana na nyingine ya kuchezea herufi, tangu miaka ya 1920, hasa Edward Powys Mathers aliyetunga kwa jina la Torquemada katika gazeti la The Observer. Kiswahili kinaumudu vizuri sana, kwa kuwa maneno yetu mafupi yana irabu nyingi na yanapangika upya bila shida. Na hapa upatanisho unarudi kazini: ndio unaofanya fumbo liwe la haki.

"Uliza kuhusu starehe, upate la kushonwa nyuzi (6)". Kuuliza ni JE, starehe ni RAHA, na *la* inakuthibitishia ngeli: JERAHA.

"Vuruga muda: inachuruzika kidondani (4)". Herufi za MUDA zikipangwa upya zinatoa DAMU, na *i-* ya inachuruzika inaikubali.

"Geuza kusi: kina makali (4)". Huo upepo wa KUSI, irabu zake zikibadilishana nafasi, ni KISU.

"Ponya kwa buti lililovurugwa (4)" ni TIBU.

"Aliyenusa hapa ameukuta ndani ya jipu (5)". Jibu limelala ndani ya maneno mawili ya kwanza, aliyen-USA HA-pa, na ile *-u-* ya ameukuta ndiyo ya USAHA.

Na kwa neno lenye maana mbili: "La damu chini ya ngozi, au vya waombolezaji (5)". Damu ikivilia mahali ni vilio la damu. Kilio kikiwa kingi ni vilio. VILIO, ngeli mbili, visanduku vilevile.

Kwa watoto wa shule ya msingi nisingeweka zaidi ya fumbo moja kwa ukurasa, tena lenye herufi nne. Kwa kundi la watu wazima wanaobishana kwenye simu jioni, nusu ya vidokezo iwe hivyo, na methali zijaze sehemu zenye makutano machache.

Tahajia mbili, kisanduku kimoja

Mgogoro wa mwisho hauhusu maana wala ngeli. Kitambaa cha kufungia jeraha wengine huandika BENDEJI, wengine BANDEJI. Zote herufi saba, zote *ya*, zote zinaeleweka dukani. Kisanduku cha pili kisipokatizwa, utapokea majibu ya aina mbili na wote watakuwa wamepatia. Kikatize kwa neno linalodai E au A bila mjadala, au ufute jibu hilo. PLASTA ina herufi sita na inaandikwa namna moja.